Tepu Ilikuwa Shingoni Mwake

Mama yangu ni fundi wa nguo. Tangu nipate akili naiona tepu ya kupimia shingoni mwake, kama wengine wanavyovaa mkufu. Akienda sokoni anayo, akipika anayo. Siku moja aliingia nayo hadi matangani, akashtuka ameshaketi mkekani na wenzake, akaifutika haraka ndani ya leso. Amepima mabega na viuno vya nusu ya mtaa wetu hapa Likoni, na ukimpita tu njiani anajua kama umenenepa tangu Idi.

Mwaka 2019 alikatwa titi la kulia na kuondolewa tezi 17 za kwapani. Alifundishwa kumwaga kichupa cha maji ya kidonda. Akapewa tarehe za kemo, akapewa tarehe za mionzi, tukawa watu wa basi la usiku la Nairobi. Aliwaona daktari wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi, na manesi sijui wangapi. Nimezihesabu ziara kwenye kadi zake: 31 ndani ya mwaka mmoja. Katika ziara zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia, "Mama, huu mkono wako wa kulia unaweza kuvimba. Uwe unaupima." Na mara zote 31 tepu ilikuwa shingoni mwake.

Mkono ulianza mwezi wa kumi na nne baada ya upasuaji, na ulianza kwa adabu. Bangili ilikataa kupita kiganjani. Kisha ukaja uzito, aliosema ni kama kubeba kikapu kisichoonekana. Akitawadha alfajiri akibonyeza juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Akanyamaza. Buibui lina mikono mipana, linasitiri mengi. Mimi nilikuwa Nairobi, mwaka wa tatu chuoni, na kwenye simu yeye alikuwa mzima kila siku. Niliporudi likizo nikaikuta dera yake mpya imelazwa kwenye cherehani, na mkono wa kulia ameukata mpana kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu. Fundi hakosei namna hiyo. Nikamuuliza.

"Umevimba kidogo, mwanangu. Si kitu. Namshukuru Mungu niko hai."

Ni hiyo sentensi ya mwisho ninayotaka kupigana nayo hapa. Ni neno tamu likitoka kwa mtu mwenyewe, na mama ana haki ya kumshukuru Mola wake apendavyo. Lakini hii shukrani nyingine hakuitunga yeye. Alifundishwa. Nesi alimpa alipouliza kuhusu ganzi ya mkono. Shangazi zangu walimpa kila walipokuja kumtazama. Na tulipovuka feri kwenda kumwonyesha daktari ule mkono, mimi nikiwa nimeketi pale pale, daktari alimpa tena: "Mama, ukilinganisha na ulikotoka, hiki ni kitu kidogo. Ushukuru." Akaandika vidonge vya kukojoza. Akaita mgonjwa mwingine.

Yaani neno la shukrani limekuwa mlango wa kukufungia nje. Ukilia, huna shukrani. Ukiuliza, huna shukrani. Umeokolewa, sasa unataka nini tena?

Ngoja niseme mkono huo unavimba kwa nini. Nililazimika kujifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kinachonikera hadi wa leo ni kwamba ni jambo la kuelezwa kwa dakika tano.

Damu ikipita kwenye mishipa midogo, sehemu ya maji yake huchujika na kubaki katikati ya nyama, pamoja na protini na takataka nyingine. Maji hayo lazima yarudi kwenye damu. Yanarudishwa na mtandao wa pili wa mishipa, myembamba sana, inayoitwa mishipa ya limfu. Haina moyo wa kuisukuma. Hujibana yenyewe kidogo kidogo, na kwa mengine inategemea misuli ikicheza na pumzi ikipanda na kushuka. Njiani kuna tezi, ambazo ni vituo vya kuchuja na kukamata vijidudu. Kwapani zipo 20 hadi 30 hivi, na sehemu kubwa ya maji ya mkono hupitia hapo. Saratani ya titi nayo ikitaka kutoroka hupenda njia hiyo hiyo, ndiyo maana madaktari huzitoa. Kisha mionzi huacha makovu yanayoibana mishipa iliyosalia. Sasa wewe umekaa Likoni, unajua mtaro ukizibwa kabla ya mvua za masika inakuwaje. Maji hayaambiwi subiri. Yanatafuta pa kukaa. Protini iliyokwama huvuta maji mengine, na ikikaa miezi na miaka, nyama huanza kuwa ngumu na mafuta hujijenga ndani. Mwanzoni ukiulaza mkono juu ya mto usiku, asubuhi umepungua. Ukichelewa, hata uuning'inize darini haurudi.

Kesi yangu yote iko katikati ya maneno hayo mawili, mwanzoni na ukichelewa.

Vile vidonge vya kukojoza, kwa hiyo, havikuwa na kazi pale. Vinapunguza maji ya mwili, protini vinaiacha mkononi. Mama alikojoa wiki sita. Mkono ukabaki vile vile, yeye akabaki na kizunguzungu.

Na hicho "kitu kidogo" kina ukubwa gani? Uchambuzi mmoja uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Oncology, ulikuta kwamba zaidi ya mwanamke 1 kati ya kila 5 waliopitia saratani ya titi hupata uvimbe huu. Kuna tofauti kubwa kati ya aina mbili za upasuaji. Wanaosafishwa kwapa lote ni kama 20 kwa kila 100. Wanaotolewa zile tezi za kwanza tu, zinazotafutwa kwa rangi ya bluu au dawa yenye mionzi kidogo, ni kama 6 kwa kila 100. Huko kwenye mashine nyingi, na ambako wanawake hupatikana mapema, upasuaji huu mdogo ndio umekuwa kawaida. Kwetu wengi hufika saratani imeshakua, na hukatwa titi zima na kusafishwa kwapa. Kwa hiyo sisi tulio na hatari kubwa zaidi ndio tunaoambiwa machache zaidi. Sijui hesabu hiyo inaitwaje, lakini si kitu kidogo.

Bibi yangu anatoka Msambweni. Alipouona mkono wa mwanawe hakuuliza maswali. Alisema, "Haya ni matende." Nikacheka. Mimi msomi, mwaka wa tatu! Nikamweleza bibi kwamba matende yanaletwa na minyoo ya mbu, minyoo inaishi kwenye mishipa na kuiharibu, mguu unakuwa kama wa ndovu, na mama hana minyoo. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mshipa ukiharibika umeharibika. Mbu, kisu, mkono wajua wapi?"

Miezi kadhaa baadaye nikakutana na William Halsted. Huyu ni daktari wa Baltimore, Marekani, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alisifika kwa upasuaji wa kukata titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa, na dunia nzima ikamfuata kwa miongo. Mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika makala kuhusu mikono ya wagonjwa wake iliyovimba. Jina alilolitoa, kwa Kilatini, ukilileta Kiswahili ni matende ya upasuaji. Basi bibi wa Msambweni na profesa wa Baltimore walitazama mkono mmoja wakauita jina moja, na aliyewacheka ni mimi.

Lakini jina lina faida kuliko kicheko. Watu husema haya mambo hayaelezeki kwa mgonjwa wa kawaida, ati hakuna Kiswahili chake. Kiswahili chake kipo na kina umri mkubwa kuliko hospitali. Pwani hii tumeishi na matende miaka na miaka. Bibi alikuwa na jirani aliyefundishwa kuutunza mguu wake: uoshe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushe hadi katikati ya vidole, kila mchubuko uutibu siku hiyo hiyo, uinue mguu ukilala, uuchezeshe, uvae viatu. Shirika la Afya Duniani linayapendekeza mambo haya haya kwa wenye matende kila mahali. Hakuna mashine hapo. Sasa badilisha neno mguu uweke mkono. Umeshapata nusu ya somo ambalo mama yangu hakupewa katika ziara 31.

Lilimgharimu. Sindano ya cherehani ilimchoma kidole cha shahada, jambo linalompata fundi yeyote asiyevaa kastabini, na mama havai, anasema inamfanya kipofu. Mkono wenye limfu iliyokwama ni kama dimbwi. Kijidudu kikiingia, askari wa kinga hawafiki haraka. Jioni kidole kilikuwa chekundu. Usiku wekundu ulikuwa umepanda hadi kiwiko, unawaka moto, na mama anatetemeka ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Tulivuka na feri ya alfajiri. Akalazwa siku sita kwa dawa za mshipani. Ukimaliza kusoma haya usahau yote mengine, shika hili moja: mkono uliovimba ukiwa mwekundu na moto, mtu ana homa, msingoje asubuhi. Antibiotiki zinahitajika siku hiyo.

Pale wodini ndipo tulipompata mtu wa kwanza kutwambia ukweli. Hakuwa daktari. Alikuwa dada mmoja wa tiba ya viungo, aliyekuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili mwenye kiharusi. Akamwona mama, akasimama, akauliza, "Huu mkono una muda gani?" Miezi minane, nikasema. Akavuta pumzi. Kisha akageuka akamwangalia mama shingoni, pale tepu ilipokuwa hata juu ya gauni la hospitali, akasema, "Na hiyo umevaa ya nini?"

Alitufunza kwa wiki nne. Ngozi kwanza, usafi na mafuta yasiyo na manukato, isikauke ikapasuka. Kisha mikono, na hapa nilipata aibu ya pili, maana bibi alikuwa akimkanda mama kwa nguvu zake zote na mafuta ya nazi ya moto, na sisi tukiona anafanya kazi. Kukanda huku hakuna nguvu. Mishipa ya limfu iko juu juu chini ya ngozi. Unaivuta ngozi polepole, kama unavyompangusa mtoto mchanga uso, ukianzia shingoni na kifuani ili kufungua njia, halafu ndio ushuke mkononi. Ufundi huo ulianzishwa na Mdenmaki mmoja, Emil Vodder, miaka ya 1930, na baadaye Wajerumani wakauunganisha na bandeji, mazoezi na usafi kuwa tiba moja. Bandeji nazo si zile za kuvutika sana. Ni ngumu kidogo, zinafungwa tabaka juu ya tabaka, vidole hadi kwapani, zikibana zaidi kiganjani na kulegea kadri unavyopanda. Misuli ikicheza ndani ya bandeji hiyo, maji husukumwa juu. Wiki nne mkono ukapungua. Haukurudi ulivyokuwa. Nataka hilo liwe wazi: ulipungua, haukupona, na dada yule alisema wazi kwamba tungefika mapema tungevuna zaidi.

Baada ya bandeji huja soksi ya mkono, ya kuvaliwa mchana, maisha yote. Ya kwanza tulinunua shilingi elfu tisa, kadi ya bima haikuitambua, na baada ya miezi sita hivi inalegea unahitaji nyingine. Mama aliigeuza ndani nje kabla ya kuivaa. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote, akaivuta chini, akaivuta juu, akakaa kimya kama mtu anayesoma barua. "Hii ina hesabu," akasema. Nikamtania ashone yake basi. Akaniambia niache upuuzi, hiki kikibana juu kuliko chini kitamfungia maji, na hana mashine ya kujua kinabana kiasi gani. Kisha kulikuwa na suala la udhu. Kuivua na kuivaa tena soksi hiyo ni mieleka, na mara tano kwa siku ni mieleka mitano. Hakuna karatasi yoyote ya maelekezo niliyoiona inayomfikiria mwanamke anayeswali. Alikwenda kwa ustadhi wake wakaelewana. Hilo ni lao.

Watu husema niliacha chuo kwa sababu ya mama. Niliacha kwa sababu ya karo. Mama alikuwa sababu nzuri ya kutorudi, na mtu alihitajika wa kufunga bandeji kila usiku na kushona mikunjo ya suruali mchana. Nikaanza kuandika vya kulipwa: maelezo ya hoteli, hotuba za harusi, matangazo. Na hapa ndipo inabidi nijitaje mimi pia.

Oktoba moja kampuni fulani ilinilipa niandike machapisho 20 ya mwezi wa waridi. Unayajua. Jipime mapema, utepe wa pinki, shujaa wetu, tabasamu. Mwezi huo ulianzishwa Marekani mwaka 1985, na kampuni iliyousukuma ilikuwa na kitengo cha kutengeneza dawa za saratani, lakini tuyaache. Nikaandika 19 walivyotaka. La 20 nikaandika kuhusu mkono. Sentensi sita tu: unaweza kuvimba, pima kabla ya upasuaji, pima baada, ukiona tofauti ya sentimita 2 nenda. Jibu likaja kwa WhatsApp: zuri sana, lakini linaogofya, litawafanya wanawake waogope upasuaji, tuweke lenye matumaini. Nikalifuta. Nikaandika lenye matumaini. Nikalipwa. Pesa hizo zilinunua bandeji, kwa hiyo usiniletee usafi wako, lakini sijasahau kwamba nililifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Hoja yao si ya kijinga, na nimeisikia pia kwa madaktari ninaowaheshimu. Wanawake wetu tayari huchelewa. Ukiwaongezea hofu ya mkono, watakimbilia kwa waganga. Nimeifikiria sana hoja hii, kisha nikatazama mlango wa tatu kutoka kwetu.

Jirani yetu wa mlango huo alipata uvimbe kwenye titi. Alikuwa amemwona mama kila siku kwa miaka miwili, akitandaza nguo kwa mkono mmoja. Hakuna aliyewahi kumweleza mkono ule ni nini, kwa sababu hata sisi mwanzo hatukujua. Mtaa ulikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ametupiwa kitu. Wengine walisema ukikatwa titi damu inakosa njia na mkono unaoza polepole. Jirani akafanya hesabu kwa alichokiona. Akakataa kisu. Alikwenda hospitali mwezi wa kumi na moja tangu auguse ule uvimbe, na kilichofuata ni hadithi yake, si yangu.

Kwa hiyo nambie ni nani aliyemwogofya. Mkono ulikuwa hadharani. Mmenyamaza ninyi, mkono haukunyamaza. Ulisimama pale kwenye kamba ya nguo ukisema vitu vya uongo, kwa sababu wenye ukweli walikuwa wanachagua lenye matumaini. Mwanamke anayeambiwa kabla ya upasuaji kwamba wengi hawavimbi, baadhi huvimba, na anayevimba akiwahi hudhibitiwa, ana hofu yenye mipaka. Yule wa mlango wa tatu alikuwa na hofu isiyo na ukuta wowote.

Kuna na hofu ya aina nyingine wanayoigawa bure. Mama alipotoka wodini alipewa orodha ya usi-: usibebe, usifue, usishone, huo mkono uupumzishe. Fundi! Basi tule nini? Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Schmitz walichapisha jaribio la wanawake 141 wenye uvimbe huu. Nusu walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kupanda taratibu, wamevaa soksi zao, chini ya mwalimu. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wale waliojizuia, na iliwasumbua mara chache zaidi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1996, daktari Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwaingiza wanawake waliotibiwa saratani ya titi kwenye ngalawa ndefu wakapiga makasia, watu wakingoja mikono ipasuke. Haikupasuka. Sisemi mtu atoke hospitalini akabebe mtungi wa lita 20. Nasema mkono unahitaji mazoezi yaliyopangwa, na "upumzishe" ni jibu la mtu asiyejua unapataje unga.

Jibu lao la mwisho ni pesa na wataalamu. Kweli, wenye ujuzi wa tiba hii nchini ni wachache na soksi ni ghali. Hapo nadai kitu kimoja kikubwa: soksi na bandeji zihesabiwe ni sehemu ya tiba ya saratani, kama uzi wa kushonea kidonda unavyohesabiwa. Hakuna anayemwambia mgonjwa akajinunulie uzi kwa sababu ameshaokolewa. Lakini mkinijibu hakuna hela, sawa, tuongee kuhusu kisicho na hela. Tepu ni shilingi hamsini, na moja inatosha kliniki nzima. Pima mikono yote miwili kabla ya kisu, kwenye kifundo, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko. Andika kwenye kadi. Rudia kila anapokuja, maana anakuja, mama alikuja mara 31. Mwambie kwa Kiswahili cha bibi. Nimepima muda kwa saa ya simu, na mazungumzo mazima ni dakika nne na nusu. Yule daktari alitumia dakika sita kumwelekeza mama kwenye ofisi ya malipo.

Soksi ya sasa ni ya saba. Ina kiraka kiwikoni, ambacho mtu wa tiba ya viungo hatakipenda akikiona. Mkono wa kulia, juu ya kiwiko, umekaa kwenye 33 tangu mwaka jana, wa kushoto 29. Anashona. Anachoka mapema.

Wiki iliyopita alikuja mteja wa gauni la harusi ya bintiye, mwanamke wa miaka arubaini na kitu. Katikati ya kupimwa kifua akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba gauni liwe tayari kabla ya tarehe 14 kwa sababu tarehe 15 anaingia hospitali kukatwa titi. Mama hakusema pole. Aliishusha tepu kutoka kifuani akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto.

"Hapo gauni halifiki, dadangu," mteja akasema.

"Najua," mama akasema. Kisha akanigeukia. "We, lete daftari. Andika kifundo kushoto, kumi na sita na nusu."